Airstream Overlander la zamani: unachonunua ni sakafu na chasisi, si mng'aro

Tangazo la Overlander la zamani, trela la aluminiamu la kuishi safarini la kampuni ya Airstream, huwa hivi: picha nyingi za bodi inayong'aa, mbili za jiko, moja ya dirisha la mbele, na hakuna hata moja iliyopigwa uvunguni. Bei imepangwa kwa kuangalia mng'aro, lakini gharama ya ukarabati inatoka uvunguni. Ndiyo maana tathmini hii inaanza chini na kupanda juu, kinyume kabisa na muuzaji anavyokutembeza.

Kampuni ya Airstream ilianzishwa na Wally Byam mwaka 1931, na tangu 1952 ina kiwanda Jackson Center, Ohio. Overlander ni trela la kati katika ukoo huo: futi 26 katika miaka ya 1960, futi 27 katika miaka ya 1970. Caravel na Safari ni mafupi kuliko hilo, Sovereign ni refu zaidi. Wanunuzi wengi wanagombania yale madogo, hasa Bambi la futi 16 la mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiasi kwamba Overlander hupatikana kwa bei nafuu zaidi kwa kila futi. Mengi yana ekseli mbili, yana choo na bafu, na watu wanne wanalala bila kukanyagana.

Hukumu yetu kwanza: ni trela zuri la kukarabati, lenye vipuri vinavyopatikana, na likitengenezwa vizuri linadumu. Kwa hali inayolingana, tunapendelea la kabla ya 1969. Kuanzia mwaka huo umbo lilibadilika, na matrela marefu ya miaka iliyofuata ndiyo yenye sifa mbaya ya mkia kuachana na chasisi. Lakini "hali inayolingana" ni maneno makubwa. La 1972 lenye sakafu kavu ni bora mara kumi kuliko la 1965 lililooza.

Uvunguni

Nenda na tochi kali, bisibisi nyembamba, nyundo ndogo, jeki na stendi zake, kipimo cha umeme, na nguo za kulala chini. Nenda mchana. Kama mvua imenyesha jana yake, una bahati.

Ganda la Airstream halikukalishwa tu juu ya chasisi kama sanduku juu ya mkokoteni. Ganda la aluminiamu, sakafu ya plaiwudi na chasisi ya chuma vimefungwa pamoja kwa bolti, na vyote vitatu vinabeba mzigo kwa ushirika. Plaiwudi, yenye unene wa inchi 5/8 (karibu milimita 16), imebanwa katikati: chini yake kuna chuma, juu yake kuna reli ya aluminiamu iliyoshika ukuta. Kingo zake ziko palepale maji yanapotiririkia. Zikioza, bolti inabaki imeshika unga wa mbao, na trela halina tena muundo mmoja. Lina ganda upande wake na chasisi upande wake.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni nyuma. Mwombe mtu mmoja asimame juu ya bampa ya nyuma na kurukaruka taratibu, wewe ukiwa umechuchumaa pembeni, macho kwenye mstari ambapo ganda linakutana na bampa. Bampa na ganda vinapaswa kushuka na kupanda pamoja. Bampa ikishuka peke yake na upenyo ukafunguka, hata kama ni wa milimita chache, mkia umeshaachana. Chanzo karibu kila mara ni maji yanayoingia kwenye kiungo cha ganda juu ya kisanduku cha bampa, yananywewa na ukingo wa plaiwudi, na kwa miaka yanaozesha ubao wote wa nyuma. Kwenye matrela yenye choo nyuma, uzito wa tangi nao unaning'inia upande huohuo, kwa hiyo chasisi iliyopoteza msaada wa ganda huanza kupinda kuelekea chini nyuma ya ekseli. Simama mbali, pembeni, uangalie mstari wa chini wa trela kuanzia mbele hadi nyuma: mkia ulioinama huonekana kwa macho.

Ugonjwa huu unatibika. Unavua bati za ndani za chini, unakata ubao uliooza, unasafisha chuma, unaweka plaiwudi mpya yenye gundi isiyoogopa maji iliyopakwa epoksi kwenye kingo zote, kisha unafunga bolti upya. Kinachowashangaza mafundi wapya ni kwamba ubao mzima hauingii ganda likiwa bado limekaa mahali pake, kwa sababu reli inaushika pande tatu. Itabidi uukate vipande viwili, uviingize kimoja kimoja, na kuviunganisha kwa kipande cha ubao kilichobandikwa chini ya kiungo. Kama kuoza kumeenea hadi katikati ya trela, ni nafuu kuliinua ganda lote kuliko kupambana na sakafu kipande kwa kipande.

Tatizo la kuikagua chasisi ni kwamba imefunikwa. Chini kote kuna bati la aluminiamu, na juu ya bati hilo kuna sufi ya kioo ya kuzuia baridi. Sufi ikilowa haikauki, na chuma kinakaa ndani ya kitambaa kibichi mwaka mzima. Mikono myembamba ya chuma inayotoka kwenye boriti kuu hadi ukingo wa ganda ndiyo inayokufa kwanza. Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu vinalana. Mwombe muuzaji ruhusa ya kutoboa ribiti tatu au nne za bati la chini, karibu na ngazi ya mlango na kona moja ya nyuma, ulivute kidogo na kumulika ndani. Kuzirudisha ni kazi ya dakika tano. Muuzaji akikataa, weka bei yako kana kwamba chasisi imekwisha.

Gonga boriti kuu kwa nyundo kila baada ya hatua. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na kumwaga magamba. Kutu ya juujuu isikutishe, hiyo inasuguliwa na kupakwa rangi. Zingatia mahali V ya mbele (chuma cha kuvutia trela) inapoingia chini ya ganda, eneo la ngazi, na sahani za ekseli. Nyufa hupenda hapo, na ukiona chuma kimechomelewa juu ya kingine bila mpangilio, jua mtu ameshapita kabla yako akiwa na haraka.

Ekseli

Kabla ya 1961 Airstream zilitembea juu ya springi za mabamba kama za lori. Msafara maarufu wa Byam wa 1959–60, uliotoka Cape Town hadi Cairo na kupita Afrika Mashariki, ulikwenda kwa springi hizo. Mwaka 1961 zikaja ekseli za mpira: ndani ya bomba la chuma kuna fimbo za mpira zilizobanwa, na mkono wa gurudumu unapogeuka mpira ndio unaopokea kishindo. Safari yake ni laini ajabu. Mpira wa miaka 50, hata hivyo, ni kama jiwe, na trela lililokaa uani miaka ishirini bila kusogea limeua ekseli zake sawa na lililotembea.

Kipimo ni rahisi. Chungulia mkono unaounganisha ekseli na gurudumu. Kwenye ekseli hai ya aina iliyozoeleka, mkono unainamia chini trela likiwa tupu. Ukiwa umelala sambamba na ardhi au umeinuka, mpira umekufa. Kisha weka jeki chini ya sahani ya ekseli kwenye chasisi (kamwe si chini ya bomba la ekseli, wala bati la chini) na uinue. Kwenye ekseli nzima, chasisi inapanda inchi mbili au tatu kabla gurudumu halijaacha ardhi. Kwenye iliyokufa, gurudumu linanyanyuka papo hapo.

Ekseli mpya hutengenezwa kwa vipimo vya trela lako, huja na breki mpya za umeme, na hufungwa kwa bolti. Si kazi ngumu, ila si bei ya kupuuza, na Overlander la ekseli mbili linataka zote mbili kwa pamoja. Usiahirishe. Trela lenye ekseli ngumu linatwangwa na kila shimo la barabara: ribiti zinalegea, skrubu za makabati zinatoka zenyewe, na kazi nzuri ya ndani inabomoka.

Sakafu kwa ndani

Zulia jipya au vinili mpya ndani ya trela lisilokarabatiwa ni dalili ya kutia shaka, si ya kufurahia. Fungua makabati, inua godoro, ingia kwenye kona. Chomeka bisibisi kwenye plaiwudi ukutani kabisa: kona zote mbili za nyuma, chini ya mlango, pembeni mwa mabega ya magurudumu, chini ya kila dirisha, na penye kichemsha maji. Ubao mzima unakataa ncha. Uliooza unaipokea kama mkate.

Dari safi isikudanganye. Kuta za Airstream ni bati mbili, la nje na la ndani, na maji yanayopenya kwenye tundu la hewa la paani au mguu wa antena hushuka kati ya bati hizo, kimyakimya, mpaka kwenye ukingo wa sakafu. Ukuta wa ndani unabaki mkavu miaka yote hiyo. Ndiyo sababu trela linaweza kuwa zuri ndani kwa jicho na lililokufa kwa kuguswa.

Vigae vya zamani vya sakafu, hasa vile vya miaka ya 1960, vinaweza kuwa na asbesto. Peleka kipande maabara kabla ya kukwangua au kupiga msasa. Na harufu ya panya haiondoki kwa dawa ya kunukiza: mikojo imo ndani ya sufi ya kioo, kwa hiyo bati za ndani zitavuliwa na sufi yote itatolewa. Lowesha kinyesi kwa maji yenye klorini na uvae barakoa inayofaa kabla ya kufagia chochote. Magharibi mwa Marekani panya hubeba hantavirusi, na vumbi lake linaweza kuua.

Ganda

Bati la nje ni aluminiamu ya aina ya Alclad, ya kundi la zile za ndege, lenye unene wa karibu milimita 0.8. Bati bapa la ubavuni hubadilishwa bila taabu kubwa. Mahali pa kuogopa ni kwenye vichwa viwili vya mviringo, mbele na nyuma, vilivyoshonwa kwa vipande vilivyovutwa kwa mashine hadi vikapinda pande mbili kwa wakati mmoja. Bonde kubwa hapo haligongwi likatoka, maana bati limeshavutika kupita kiasi, na kipande cha kubadilishia ni adimu. Bonde la ngumi nyuma ya trela tunalihesabu zito kuliko mkwaruzo wa mita mbili ubavuni.

Angalia ribiti kwa karibu sana. Masizi meusi yanayochuruzika kutoka kwenye kichwa cha ribiti ni unga wa aluminiamu: ribiti inacheza ndani ya tundu lake na kujisaga. Chache ni kawaida ya umri. Mstari mzima chini ya dirisha la mbele au juu ya bampa ya nyuma maana yake ganda linahama. Ribiti za kiwandani hupigwa na watu wawili, mmoja nje na mwingine ndani ameshika chuma, kwa hiyo kuzirudisha kunataka bati la ndani livuliwe. Ukikuta kiraka cha ribiti za kuvuta zenye tundu katikati, kagua sakafu chini yake mara mbili. Hizo hupitisha maji zisipozibwa.

Halafu silikoni. Wenye matrela huipenda kwa sababu inauzwa kila duka, nasi tunapunguza bei kila tunapoiona. Haidumu kwenye aluminiamu inayotanuka na kusinyaa juani, na ikishapakwa hakuna gundi nyingine inayoshika juu ya mabaki yake. Kila milimita itakwanguliwa kwa mkono. Viungo vinazibwa kwa gundi za poliurethani kama Sikaflex 221 au TremPro 635, na nyufa nyembamba kwa Parbond, inayotiririka na kuingia yenyewe.

Mng'aro wa kioo ni suala la mwisho. Matrela mengi yalitoka kiwandani yamepakwa ngozi ya plastiki isiyo na rangi, na sasa inabanduka kama jua lilivyoipiga. Inavuliwa kwa dawa kabla ya kupolishi, kisha ni awamu kadhaa za polishi na mashine, jasho tupu. Lenye ngozi inayobanduka ni la kununuliwa kwa furaha, kwani linatisha wanunuzi wengine bila kuwa na ubaya wowote.

Madirisha ya 1966 hadi 1968 yanahitaji onyo. Ni vioo vya Corning, vyembamba, vilivyopinda kufuata ganda, visivyo na fremu ya kuvizunguka. Vinapendeza kuliko yote yaliyotangulia na yaliyofuata. Kikivunjika, kukipata kingine ni kazi, na bei yake inaumiza. Hesabu vyote; kila penye plastiki badala ya kioo, punguza. Mlango nao uufungue na kuufunga mara kadhaa. Umepinda kufuata ubavu, na ukikataa kukaa kwenye fremu yake, ama uliwahi kung'olewa na upepo ama ganda lenyewe limejipinda.

Gesi, umeme, maji

Kwa ufupi, maana karibu vyote vitabadilishwa. Usiwashe hita ya zamani "kujaribu tu". Chumba chake cha moto kikiwa na ufa, gesi ya kaboni monoksaidi inaingia ndani, nayo haina harufu. Friji ya gesi ikitoa harufu kali ya amonia, au ukaona unga wa manjano nyuma yake, imekufa. Mabomba ya gesi yanaweza kubaki yakipita kipimo cha shinikizo. Regyuleta ya zamani tupa. Mitungi midogo isiyo na vali ya kuzuia kujazwa kupita kiasi (vali hiyo hutambulika kwa mkono wake wa umbo la pembetatu) haijazwi tena Marekani tangu 2002, kwa hiyo "mitungi miwili ya asili" kwenye tangazo ni mapambo.

Chaja ya zamani, Univolt, inavuma na kuchemsha betri kwa kutojua kupunguza chaji. Weka ya kisasa. Kabla ya kugusa trela lililochomekwa kwenye umeme, pima kati ya ganda na ardhi. Ndani ya boksi la fyuzi, waya wa nyutro haupaswi kuungana na waya wa ardhi. Mtu akiwa ameviunganisha, kosa dogo kwenye nguzo ya umeme linaweza kuligeuza ganda zima kuwa waya hai.

Kuhusu maji, uliza kuna matangi mangapi. Mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 yana tangi la choo peke yake. Maji ya sinki na bafu yalimwagwa chini, jambo ambalo kambi nyingi za leo hazikubali. Kuongeza tangi la maji hayo ni rahisi bati la chini likiwa limevuliwa, na ni tabu tupu baada ya hapo.

Lililobomolewa ndani, na la kupeleka nyumbani Afrika

Soko limejaa matrela ambayo mtu alianza, akang'oa kila kitu, akachoka. Wauzaji huyapandishia bei kwa hoja kwamba "kazi chafu imekwisha". Sisi tunaona kinyume: makabati ya asili ndiyo vielelezo vya kupimia mapya, na ganda lililovuliwa bati za ndani na kukaa juu ya sakafu iliyokatwa linaweza kuwa limeshajipinda. Linastahili bei ya juu pale tu kuna picha za chasisi iliyokarabatiwa, kabla na baada.

Kwa anayewaza kulisafirisha Mombasa au Dar es Salaam, mambo matatu. Mlango wa trela la Marekani uko ubavu wa kulia. Huku tunakoendesha kushoto, unafungukia kwenye magari. Umeme wake ni volti 120, wetu ni 230 hadi 240, hivyo kiyoyozi, chaja na soketi zote ni za kubadilisha. Na lenye upana wa futi 8 haliingii ndani ya kontena la kawaida, ambalo ndani lina mita 2.35 hivi, litasafiri kwa meli ya magari au jukwaa wazi. Kwa trela la kambi ya kudumu, lisilohama, yote hayo yanavumilika.

Karatasi na safari ya kwanza

Linganisha namba ya trela na hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Namba za tarakimu 17 zilianza kuwa kanuni Marekani mwaka 1981, kwa hiyo namba fupi kwenye la 1967 ni sahihi. Isiyolingana na hati siyo. Jina la kwenye hati liwe la anayepokea pesa zako.

Tairi zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2316 ni wiki ya 23 ya 2016, na tairi hiyo haiendi barabarani hata kama meno yake ni mapya. Hakikisha ukubwa wa boli ya kuvutia, yaani mpira wa chuma kwenye gari unaoshika trela. Matrela mazito mara nyingi hutaka inchi 2 na 5/16, na boli ya inchi 2 itakaa ndani ya kikombe cha trela na kuruka kwenye tuta la kwanza. Uzito unaolalia boli uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela. Ukiwa chini ya hapo mkia unaanza kucheza. Paka beringi grisi mpya palepale uani, jaribu taa na breki, kisha ondoka polepole. Simama baada ya kilomita 15 na uguse kila kitovu cha gurudumu kwa nyuma ya mkono. Vyote vikiwa vuguvugu, endelea. Kimoja kikiwa moto kuliko wenzake, ni beringi au breki iliyokwama. Usilivute zaidi, ita lori la jukwaa.